Ahadi ya Jukwaani na Kitabu cha Bajeti: Maswali ya Wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka pembe nyingi za Kenya lakini zinauliza jambo moja: kiongozi alituahidi, tukampa kura, sasa tumshike wapi? Tumejibu zile zilizogusa mambo ambayo wengi hukosea. Tulipotaja sheria, ni sheria za Kenya.

Mwakilishi wadi wetu mpya alituahidi maji, lami ya kutoka barabara kuu hadi kijijini, na bweni la shule ya upili. Tulipomuuliza mazishini akasema mambo mengine si ya ofisi yake. Ametucheza? (Msomaji, Pwani)

Amesema kweli nusu, na nusu hiyo alipaswa kuisema kabla ya kura. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi. Maji ni ya kaunti, sawa na dispensari, vituo vya afya, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na masoko. Shule za msingi na za upili ni za serikali ya kitaifa, kwa hiyo bweni mpelekee mbunge na kamati ya NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge) ya eneo bunge lenu. Kuhusu lami, ulizeni kwanza barabara hiyo iko kwenye rejista ya nani. Barabara kuu za kitaifa zina mamlaka zake, zilizobaki ni za kaunti. Wananchi wengi wameandamana hadi ofisi ya gavana kwa barabara ambayo si yake, wakapewa jibu la kuwarudisha nyumbani mikono mitupu.

Kuna kifungu ambacho wawakilishi wadi hawapendi kukitaja wakiwa jukwaani. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamkataza MCA, yaani mwakilishi wadi, kujihusisha na utendaji wa serikali ya kaunti, au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wake. Kazi yake ni kuwasiliana na wapigakura na kuwauliza maoni yao, kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuwasimamia wanaoitumia. Anayejinadi kwa "nitawajengea" anaahidi kazi ya waziri wa kaunti.

Kwa hiyo msimuulize amejenga nini. Muulizeni mambo anayoweza kuyajibu kwa karatasi. Je, mradi wetu wa maji umo kwenye mpango wa kaunti wa mwaka, ukurasa gani? Bajeti ilipopitishwa ulichangia nini bungeni? Umewahi kuomba taarifa kutoka kwa mwenyekiti wa kamati ya maji, siku gani? Kila kinachosemwa ndani ya bunge la kaunti huandikwa kwenye Hansadi, na Hansadi ni ya umma. MCA ambaye kwa mwaka mzima jina lake halimo humo, ila siku ya kuapishwa, amejijibia mwenyewe.

Na tafadhali, si mazishini. Pale hujibu lolote la kumtoa kwenye kipaza sauti, na hakuna anayeandika.

MCA wetu aliingia kwa uchaguzi mdogo, katikati ya mwaka wa bajeti. Tumpe muda gani kabla ya kuanza kumuuliza? (Msomaji, Magharibi)

Msihesabu siku mia moja, hesabuni kalenda ya fedha. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Aliyeingia Novemba au Desemba amekuta bajeti imeshapitishwa na wengine, na nafasi aliyo nayo mwaka huo ni bajeti ya ziada pekee, ile inayorekebisha bajeti katikati ya mwaka. Kumlaumu Januari kwa nini hakuna mradi ni kumwonea. Mwaka unaofuata, hata hivyo, uko mikononi mwake kuanzia siku ya kiapo.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe ambazo kaunti haina hiari nazo. Kufikia Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata uwe umefika bunge la kaunti. Hapo ndipo miradi hutajwa kwa jina na mahali. Kufikia Februari 28, waraka wa mkakati wa fedha uwe umewasilishwa, nao ndio hugawa viwango: afya shilingi ngapi, barabara ngapi, maji ngapi. Makadirio ya bajeti yenyewe huja kufikia Aprili 30, na bunge lina hadi Juni 30 kuyapitisha.

Kosa la wananchi wengi, pamoja na vikundi vya kijamii vilivyojipanga vizuri, ni kujitokeza Mei. Mei imechelewa. Kanuni za 2015 za sheria hiyo zinalizuia bunge la kaunti kuongeza au kupunguza fedha za idara yoyote kwa zaidi ya asilimia 1 ya kiwango kilichowekwa. Ukumbi umejaa, watu wanapiga makofi, maafisa wanaandika maoni, na kinachoweza kubadilika ni asilimia 1. Mkitaka mradi uingie, nendeni Agosti, kabla mpango haujafungwa. Mkitaka idara ya maji iongezewe fungu, nendeni Januari na Februari.

Siku ya kikao cha kushirikisha umma, maneno ya mdomo huishia ukumbini. Pelekeni maoni kwa maandishi, ukurasa mmoja unatosha: jina la mradi, kijiji, wanaohitaji huduma, umbali wanaotembea sasa, na mahali unapopaswa kuingia kwenye mpango. Chapisheni nakala mbili. Moja inabaki, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa na mrudi nayo. Kikiitishwa kikao kwa tangazo la jana, mbali na watu, bila hata kuwapa nakala ya kinachojadiliwa, iandikeni kasoro hiyo na itunzeni. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ilitaka ushirikishaji wenye maana, si wa kutia alama kwenye fomu.

Jambo jingine: mradi kupita Juni haimaanishi utabaki. Bajeti ya ziada ndiyo kaburi la miradi midogo. Kaunti inapokosa mapato iliyojitabiria, au inapotaka kulipa madeni ya wanakandarasi, miradi ambayo zabuni zake hazijatangazwa hukatwa kwanza, na tangazo lake mara nyingi halina kelele. Muulizeni MCA wenu kila bajeti ya ziada inapofika: wadi yetu imepoteza nini?

Tuliahidiwa dispensari, ikajengwa, ikapakwa rangi, ikazinduliwa. Mwaka wa pili huu mlango una kufuli na mbuzi wanalala barazani. Gavana anasema ahadi ametimiza. (Msomaji, Bonde la Ufa)

Hii ndiyo ahadi inayodanganya kuliko zote, kwa sababu picha ya uzinduzi ni ya kweli. Sababu iko ndani ya vitabu. Sheria inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo, na kanuni zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Jengo ni maendeleo. Muuguzi ni mshahara. Kaunti ambayo tayari imepita kiwango cha mishahara hupata wepesi wa kujenga kuta kumi kuliko kuajiri muuguzi mmoja, na wanasiasa hawajakosa kuona kwamba muuguzi hazinduliwi kwa utepe. Kwa maoni yetu, ahadi ya jengo la afya isiyotaja wahudumu haifai kupigiwa makofi hata kidogo.

Ili mlango ufunguliwe, vitu hivi vinapaswa kuwepo, na kila kimoja kina ofisi yake. Jengo likabidhiwe rasmi na idara ya ujenzi kwa idara ya afya, na hapo ndipo mengi hukwama kwa sababu mwanakandarasi hajalipwa na ameshikilia funguo. Kituo kisajiliwe, kipewe namba kwenye orodha kuu ya vituo vya afya nchini, na kipate leseni. Bila hivyo hakiwezi kuagiziwa dawa wala kuingia mkataba na Mamlaka ya Afya ya Jamii ili kilipwe. Wahudumu wapangiwe kazi kwa barua. Halafu maji, choo, umeme au sola ya jokofu la chanjo, na shimo la kuchomea taka za sindano.

Andikeni barua moja kwa afisa mkuu wa afya wa kaunti, nakala kwa mwenyekiti wa kamati ya afya ya bunge la kaunti, mkiuliza kila kitu kati ya hivyo kimefikia wapi na tarehe yake. Msiulize "dispensari itafunguliwa lini?" Mtajibiwa "hivi karibuni". Ulizeni: "Je, kimekabidhiwa? Kina namba ya usajili? Wahudumu wangapi wamepangiwa, na fungu lao la mishahara liko kwenye bajeti ya mwaka gani?" Jibu la swali moja tu kati ya hayo litawaonyesha mkwamo ulipo.

Niliomba kuona mkataba wa mradi nikaambiwa ni siri ya serikali. Kweli? (Msomaji, Mombasa)

Si kweli. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka taasisi ya umma ichapishe yenyewe, bila kuombwa, maelezo ya mikataba iliyosaini: kazi gani, kiasi gani cha fedha, nani amepewa na kwa muda gani. Ulichoombea ruhusa kilipaswa kuwa kimeanikwa.

Ombi liandikwe. Sheria inaruhusu Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika anaweza kusema, afisa akawa na wajibu wa kumwandikia. Hudaiwi sababu ya kutaka habari hizo, na ombi lenyewe halilipiwi. Gharama inayoweza kutozwa ni ya kutoa nakala. Mpelekee katibu wa kaunti, kwa maneno kama haya:

"Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nakala za: mkataba wa mradi (jina, kijiji, wadi, mwaka wa fedha), orodha ya vipimo na bei, vyeti vyote vya malipo vilivyotolewa hadi leo, na hati ya kukabidhi mradi, kama ipo. Naomba nakala hizo kwa barua pepe au nitazichukua ofisini. Jina, namba ya simu, sahihi, tarehe."

Ona kwamba barua haijasema "naomba habari zote za mradi". Ombi pana hivyo huwapa nafasi ya kujibu kwamba halieleweki. Taja hati kwa jina.

Wana siku 21 za kukujibu. Wanaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu, ikiwa kazi ni kubwa, na lazima wakuarifu. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakinyamaza, sheria inahesabu kwamba wamekukatalia, na hapo una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile tunayoiita Ombudsman. Maombi mengi hufia hapa: mtu anasubiri miezi mitano kwa adabu, kisha anaambiwa muda umepita. Andika tarehe ya muhuri kwenye kalenda ya ukutani siku ileile.

Ukishapata orodha ya vipimo na bei, wengi huita BQ, umepata chombo. Ikisema mabati ya geji 28 na yaliyoezekwa ni ya 30, umeibiwa unene, maana namba ikipanda bati huwa jembamba. Ikisema kalvati za milimita 900 na zilizolazwa ni za 600, mvua ya kwanza itakujulisha.

Barabara yetu ya murram ilitengenezwa Februari, Mei ikawa mto. Mwanakandarasi anasema ni mvua. Sisi si wahandisi, tutajuaje? (Msomaji, Mashariki)

Hapa hamhitaji uhandisi, mnahitaji mtoto wa darasa la saba na daftari. Tuseme mkataba unataka murram yenye unene wa sentimita 15 ikishashindiliwa, upana wa mita 5. Kilomita moja ni mita 1,000 mara 5 mara 0.15, yaani mita za ujazo 750. Murram ikishindiliwa husinyaa, kwa hiyo inayoletwa ikiwa huru lazima izidi hapo kwa robo hadi theluthi. Kwa tipa ya mita 10, hiyo ni safari 94 hadi 100 kwa kila kilomita. Wekeni vijana wawili penye njia panda wahesabu matipa kwa zamu, waandike saa na ukubwa wa tipa. Mkihesabu 40 kwa kilomita, mmepata unene wa sentimita 6 hivi, na hakuna mvua ya kulaumiwa.

Unene pia unaweza kupimwa baadaye: mwombeni mhandisi wa kaunti achimbe vishimo vidogo vitatu au vinne mbele yenu, pembeni na katikati, apime kwa rula. Msichimbe wenyewe, mtashtakiwa kwa kuharibu barabara na kesi itahamia kwenu. Angalieni pia mambo mawili yanayoua barabara mapema kuliko wembamba. La kwanza ni mgongo: katikati iwe juu kuliko kingo ili maji yateremke, ikiwa bapa kama meza maji yatakaa. La pili ni mitaro isiyo na njia ya kutoa maji nje. Greda ikipita bila mashine ya kushindilia na bila bouza la maji, kazi hiyo ni ya kupiga picha.

Kikubwa ni wakati. Kandarasi nyingi huzuia sehemu ya malipo hadi kipindi cha kurekebisha dosari kipite, mara nyingi miezi 6 au 12. Lalamiko lenye picha, tarehe na hesabu ya matipa likimfikia mhandisi wa kaunti kabla ya kipindi hicho kwisha, mwanakandarasi anaweza kulazimishwa kurudi. Likifika baada ya malipo ya mwisho, barabara itasubiri bajeti mpya. Katika kila barua taja namba ya zabuni, maana kaunti moja huwa na kandarasi nyingi zinazofanana majina.

Tunataka kupeleka malalamiko rasmi bungeni. Sahihi ngapi zinahitajika? (Msomaji, Kati)

Moja. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mtu yeyote haki ya kuliandikia bunge la kaunti, na Kifungu cha 119 cha Katiba kinatoa haki hiyo kwa Bunge la Taifa na Seneti. Sahihi elfu mbili huleta kamera, lakini haziponyi barua iliyokosa sehemu zake. Kwa Bunge la Taifa na Seneti, ombi liandikwe kwa mkono au kuchapwa, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kufutwafutwa. Mada itajwe juu ya kila karatasi, hata zile za sahihi tu. Mseme mmeshajaribu wapi kupata suluhu na mkajibiwa nini, na kama suala liko mahakamani au la. Kila anayesaini aweke jina, anwani, namba ya kitambulisho, na sahihi au kidole gumba. Kamati hutakiwa kujibu ndani ya muda uliowekwa na kanuni za bunge. Mabunge ya kaunti yana kanuni zao za kudumu zinazokaribiana na hizo. Mwombeni karani wa bunge nakala kabla ya kuandika.

Sehemu ya "mmejaribu wapi" ndiyo huwaangusha wengi, kwa sababu walijaribu kwa simu. Ndiyo maana tunasisitiza mihuri.

Tumechoka. Tunaweza kumuondoa kiongozi wetu kabla ya 2027? (Msomaji, Nyanza)

Kwenye karatasi, ndiyo. Kifungu cha 104 cha Katiba kinawapa wapigakura haki ya kumrudisha mbunge nyumbani, na Sheria ya Serikali za Kaunti ilitaka kwa MCA miezi 24 iwe imepita tangu uchaguzi, isiwe imebaki chini ya miezi 12 kabla ya unaofuata, na sahihi za asilimia 30 ya wapigakura wa wadi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vipengele muhimu vya utaratibu huo kwa kuwa viliifanya haki hiyo isitekelezeke, na mwaka 2020 vipengele vya MCA vikarekebishwa. Hadi sasa hakuna mbunge wala MCA aliyewahi kuondolewa hivyo. Anayewakusanyia sahihi na kuwachangisha fedha za shughuli hiyo, muulizeni anatumia sheria ipi.

Gavana huondolewa na bunge la kaunti kwa thuluthi mbili ya kura, kisha Seneti ikaamua, kama ilivyokuwa kwa gavana wa Kiambu Januari 2020 na wa Nairobi Desemba mwaka uleule. Katika hilo mwananchi hana kura. Ana ushahidi, na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ni ushahidi mzuri. Ukaguzi wa kaunti hutakiwa kukamilika ndani ya miezi sita baada ya Juni 30. Tafuteni humo jina la mradi wenu.

Mheshimiwa hutulipia bili za hospitali na karo, tena hutoka mfukoni mwake. Mnataka tumsumbue kwa bajeti ya nini? (Msomaji, Pwani)

Amelipa bili ya nani, ngapi kati ya walioomba, na kwa orodha ipi? Kama hamjui, basi anachagua yeye. Dispensari ile yenye kufuli, ikifunguliwa na dawa zikiwemo, haitamuuliza mgonjwa alipiga kura wapi. Msimkatalie msaada aliyeuguliwa. Siku anapoutoa, mkabidhini pia barua ya Agosti yenye jina la mradi, na mwombeni aweke sahihi ya kuipokea.